Mafundo Arobaini na Moja

Wiki hii mmeniandikia barua. Mhariri kanipa fungu zima, limefungwa kwa mpira. "Mama mwema." "Mungu akuzidishie." Mmoja ameandika eti laiti kila kundi la vijana lingepata mama kama mimi.

Futeni hayo, nawaomba. Mkishasoma ya leo mtaona aibu kwa niaba yangu, na aibu mimi ninayo ya kutosha, sihitaji ya kuazimwa.

Kwa aliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa mavazi wa kundi la vijana la ngoma na maigizo, mwaka wa kumi na moja huu. Watoto wananiita Mama Pindo, maana nikikutana na mtu huwa nimeshaangalia pindo la nguo yake kabla sijamwangalia usoni. Mkurugenzi wetu tunamwita Mwalimu. Chumba changu cha kushonea kimepakana na stoo ya mavazi, ukuta ni mmoja. Stoo ina taa lakini haina dirisha. Ufunguo wake ni mmoja tu, na unakaa shingoni kwangu, kwenye utepe.

Mwezi uliopita msichana wa miaka kumi na tano, tunamwita Chiriku kwa jinsi asivyojua kunyamaza, alikosea hatua mara tatu mazoezini. Mwalimu akamfungia stoo "akatafakari". Alitafakari mpaka akazimia. Mimi ndiye niliyefungua mlango, nikambeba hadi uani, nikampepea kwa kipande cha kitambaa. Hapo ndipo mliponipenda.

Chiriku akasema. Gazeti jingine, si hili, likaandika. Kamati yetu ikakanusha. Na nilipowaacha wiki iliyopita, Mwenyekiti wa kamati, mkunga mstaafu mwenye sauti ya kubembeleza wenye uchungu, alikuwa amenipa bahasha nimpelekee Chiriku kwao.

Ndani ya bahasha mlikuwa na barua fupi. "Mimi nakiri kwamba niliyoyasema kuhusu stoo hayakuwa ya kweli." Chini, mstari wa saini.

Nilimkuta anafua sare za shule. Akajifuta povu mikononi, akaisoma mara mbili.

"Mama Pindo, lakini wewe si ulinikuta?"

"Nilikukuta, mwanangu."

"Sasa huu uongo uko wapi?"

"Ni maneno ya karatasi tu. Jumamosi wanakuja waandishi wa habari, mtacheza, utaisoma, yataisha. Usiposaini wanakutoa kundini, na wenzako wanakosa safari ya mashindano. Utawaangalia vipi?"

"Wewe unasemaje? Siyo wao. Wewe."

Wasomaji wangu, mtoto aliniuliza hivyo, ananiangalia machoni. Shuleni kwao walishaanza kumzomea, "Chiriku muongo, Chiriku muongo". Akiisoma ile barua mbele ya kamera, jina hilo litamganda maisha yake yote. Nililijua hilo wakati ule ule.

"Saini tu, mama. Mambo yaishe."

Akasaini. Akanishukuru pia, kwa kuja mwenyewe na si kumtuma mtu.

Jumamosi saa mbili asubuhi nikawa stoo. Maagizo ya Mwenyekiti yalikuwa haya: pafagiliwe, papuliziwe manukato, mavazi yapangwe kwa rangi kama duka la maharusi, na mlango uachwe wazi kabisa ili waandishi wapite waone kuwa hapa hafungiwi hata panya.

Mwalimu naye alikuwa na lake. "Leo watoto wavae yale magauni meupe ya mchezo wa mto. Nyeupe inatoka vizuri kwenye picha. Inaonyesha usafi."

Magauni yale kumi na mawili yalikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta wa ndani, yamening'inia tangu mchezo ule ufungwe miaka mitatu iliyopita. Nikayabeba hadi chumbani kwangu, nikawasha pasi. Watoto wamerefuka, kwa hiyo ilibidi nishushe mapindo. Nikageuza la kwanza.

Ndani ya pindo kulikuwa na mafundo ya uzi wa rangi ya chungwa, yamejipanga mstari mmoja.

Hapa lazima niwaeleze utaratibu wetu, ambao nimeuanzisha mwenyewe na nilikuwa najivunia. Mtoto akiingia kundini namkabidhi rangi yake ya uzi. Vazi akilivaa mara ya kwanza, anafunga fundo moja ndani ya pindo. Nguo zikichanganyika kwenye vurugu za kubadilisha, nageuza pindo, naona rangi, najua hii ni ya nani. Vitambulisho vya karatasi huwa vinang'oka. Fundo haling'oki.

Rangi ya chungwa ni ya Chiriku. Lakini Chiriku hakuwahi kuvaa gauni hili, wakati wa mchezo wa mto alikuwa bado hajajiunga. Halafu fundo ni moja kwa mtu. Hapa yalikuwa kumi na tisa.

Nikageuza la pili. Kijani, saba. Bluu, kumi na moja. Nyekundu, manne, halafu nafasi kidogo, halafu manne tena.

Mlangoni akapita Twiga, yule msichana mrefu anayesimama safu ya nyuma. Nikamwita.

"Hebu njoo. Haya ni mapambo ya nani?"

Akaangalia gauni, akaniangalia mimi. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayefikiri anataniwa.

"Mama Pindo, usinifanye mtoto. Si unajua?"

"Ningejua ningekuuliza?"

"Ni saa yetu." Akasogea, akashusha sauti. "Simu tunanyang'anywa kabla ya mazoezi. Mle ndani hujui ni saa ngapi. Lakini ukumbini wanaimba, unawasikia. Wimbo ukiisha, unafunga fundo moja. Sindano zako zipo pale kwenye kitakia, nyuzi zipo rafuni. Unajua umekaa nyimbo ngapi. Ukitoka, mwingine akiingia, anaona na wewe ulikuwepo. Anapata moyo."

"Na wewe umo?"

"Ya kijani ni yangu. Saba tu. Mimi nilikuwa na bahati."

Saba tu! Wimbo mmoja mazoezini, na kurudiarudia kwa Mwalimu, ni dakika tano. Nikapiga hesabu ya yale kumi na tisa ya Chiriku, nikaketi.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Twiga akanishangaa kweli kweli. "Ufunguo si unao wewe?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema tu.

Basi niseme lile nililolikwepa wiki zote hizi. Mwalimu akitaka ufunguo haombi. Anasimama mlangoni, ananyoosha mkono, kiganja juu. Mimi navua utepe shingoni, namwekea. Baada ya saa moja, mbili, tatu, anaurudisha. Miaka kumi na moja sijawahi kuuliza mwanamume mzima anakwenda kufanya nini kwenye chumba cha magauni. Siku Chiriku alipozimia, sikumwokoa. Mwalimu alirudisha ufunguo akiwa na haraka zake, akasema, "Kamtoe yule." Nikaenda kumtoa. Huo ndio ushujaa wangu mliouandikia barua.

Twiga hajafika mbali Mwalimu akaingia. Alikuwa amenyoa, kavaa shati jipya bado lina mikunjo ya dukani. Akaona mapindo yamegeuzwa mezani. Akachukua la Chiriku, akapitisha kidole juu ya mafundo polepole. Nikafikiri, sasa haya yatamgusa moyo.

"Watoto wana mambo," akasema. "Ondoa uchafu huu, Mama Pindo. Mmoja wa waandishi ni yule binti mwenye maswali. Akianza kushika nguo tumekwisha."

"Mwalimu, haya ni mengi."

"Mengi nini? Ni nidhamu. Mimi nililelewa kwa nidhamu kali kuliko hii, nikatoka mtu. Na hata binti yako mwenyewe, nani alimfundisha kutembea kichwa juu? Una mkasi, una saa nzima. Unataka kundi life mikononi mwako?"

Akatoka kupokea wageni.

Nikakata.

Ningependa kuwaambia mkono ulitetemeka. Wapi! Mkono wangu umezoea. Nilianza na ya Chiriku, moja moja, kwa ncha ya mkasi, kwa ustadi, bila kuacha hata tundu. Halafu ya kijani, ya bluu, nyekundu. Nikayasukumia kwenye sakafu kama mabaki ya kitambaa. Magauni kumi na moja nikayasafisha, nikayapiga pasi, nikayapeleka kwa watoto wavae. Chiriku alipovaa lake akageuza pindo harakaharaka, akapapasa. Akanyanyua kichwa akaniangalia. Nikajifanya namtafuta mtu mwingine wa kumfunga kamba mgongoni.

Nikarudi kwa la kumi na mbili.

Zambarau.

Mstari ulizunguka pindo lote la mbele, ukapinda ubavuni, ukaendelea. Mafundo madogo, yamekazwa vizuri, kila moja na mkia mfupi uliokatwa kwa meno. Mkono ule ningeujua hata nikifumba macho, kwa sababu niliufundisha mimi, mezani kwangu, akiwa na miaka sita. Zambarau nilimpa kitindamimba wangu. Alipoacha kundi sikumpa mtoto mwingine rangi ile.

Nikahesabu. Arobaini na moja.

Aliacha ghafla, miaka mitatu sasa, wiki ya mwisho ya mazoezi ya mchezo wa mto. Alikuwa na miaka kumi na sita. Nilimwita mvivu. Nilimwita asiye na shukrani. Nilimwambia amenidhalilisha mbele ya Mwalimu. Akanisikiliza hadi mwisho, akaenda kulala bila kula. Siku hizi yuko chuo cha ufundi, anasomea umeme, anakaa bweni. Nikimpigia anajibu "nzuri", "ndiyo", "sawa", anakata.

Wasomaji, kuna siku moja ya wiki ile ambayo sikuwaambia, na nilikuwa nimeapa kuzikwa nayo. Nilikuwa kwenye cherehani. Nikasikia ukutani, upande wa stoo, ngo, ngo, ngo. Kidogo kidogo. Ngo, ngo, ngo. Utepe ulikuwa hauko shingoni kwangu. Nikajua kuna mtu. Nami nilikuwa na magauni matatu ya kumaliza na sikutaka ugomvi na Mwalimu.

Nikakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Kelele ikajaa chumba. Baadaye, nilipoinua mguu, kubisha kulikuwa kumekoma.

Nilijiambia ni mtoto wa mtu. Kwamba ni wa mtu mwingine, hilo ndilo lililonipa nafuu, mnanielewa?

Nikachukua simu. Mimi simu naiweka sauti ya nje siku zote kwa sababu mikono inakuwa kazini. Ikaita mara moja tu.

"Mama? Nimesoma magazeti. Nilijua utapiga leo."

"Mwanangu, nimeshika gauni la mto."

Nyuma yake nikasikia watu wanagonga vyuma, halafu mlango ukafungwa, sauti zikapotea.

"Umeyahesabu?"

"Arobaini na moja."

"Leo?"

"Leo."

"Mimi niliyahesabu siku ile ile." Akavuta pumzi. "Nilibisha, mama. Nilijua upo. Cherehani yako naijua mlio wake, ule mguu wake wa kushoto unaokwaruza. Nilibisha, na wewe ukaongeza mwendo."

Nilitaka kusema sikujua ni wewe. Neno lilifika mdomoni nikaona jinsi lilivyo chafu, nikalimeza.

"Nisamehe, mwanangu."

"Sijui. Bado sijui kama nakusamehe. Wanafanya nini na yule mdogo?"

Nikamwambia. Barua, saini, kamera. Nikamwambia nimekata mafundo ya Chiriku, na ya wenzake. Nikamwambia limebaki gauni moja tu, la kwake mwenyewe.

"Yaani umewakatia wote," akasema.

"Wote. Nikilionyesha hili watamwamini. Lakini ni lako. Siwezi bila ruhusa yako."

"Ona sasa, leo ndiyo unaomba ruhusa." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. "Lionyeshe. Ila na lile la cherehani uliseme. Lote, kwa mdomo wako, mbele yao. Usije ukasimama pale na gauni langu ukawa mama shujaa. Ukiliacha hilo, usinitaje kabisa."

"Nitasema."

"Usikate simu. Iweke mfukoni. Nataka nisikie."

Nikaiweka kwenye mfuko wa aproni, nikalikunja gauni, nikalishika kifuani, nikaenda ukumbini.

Viti vilijaa. Waandishi saba, kamera tatu, wazazi nyuma wamevaa nguo za kutokea. Watoto walicheza, na Mungu wangu, walicheza vizuri. Weupe ulipepea, mapindo yalizunguka masafi kabisa. Watu wakapiga makofi hadi mikono ikauma. Nikamwona mama mmoja anafuta machozi ya fahari. Nikawaza, hiki chote nakwenda kukibomoa mimi? Nikaketi. Nilisema moyoni naketi kidogo tu.

Mwenyekiti akasimama na ile sauti yake. "Ndugu waandishi, mmepita stoo mmejionea. Mlango uko wazi. Sasa binti yetu ana neno, kwa hiari yake."

Chiriku akatoka safuni. Barua ilikuwa mkononi, imekunjwa mara nne. Alipoifungua, yule mwandishi mwenye maswali akanyoosha kalamu.

"Kabla hajasoma. Nina swali kwa mwenye ufunguo." Akanitafuta, akaniona. "Mama, chumba chako na stoo ni ukuta mmoja, nimeupima kwa mkono. Katika miaka yote hiyo, umewahi kusikia mtu anabisha?"

Ukumbi mzima ukageuka. Gauni kifuani lilikuwa limelowa jasho la mikono yangu. Chiriku aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

Mwalimu akanijibia, anatabasamu. "Dada mwandishi, huyu ukimweka kwenye cherehani hata nyumba iungue hasikii! Waulize watoto."

Watu wakacheka. Kicheko cha upendo kabisa, cha watu wanaomjua mtu wao.

Na mimi nikacheka.

Sijui kilitoka wapi. Kilitoka tu, kama kinavyotoka kwa mtu aliyetaniwa mbele ya wageni. Nikacheka na kutikisa kichwa, kana kwamba nasema, ndivyo nilivyo. Mwandishi akaandika kitu kwenye daftari lake. Chiriku akaniangalia mpaka kicheko kikaniishia, halafu akainamisha kichwa, akaanza kusoma.

"Mimi nakiri kwamba..."

Ngo, ngo, ngo.

Akasita. Watu wakaangalia mlangoni. Hakuna mtu.

Ngo, ngo, ngo. Taratibu, kama kidole kwenye mbao. Mwenyekiti akaangalia juu, akaangalia chini. Mwalimu aliacha kutabasamu, maana yeye alikuwa wa kwanza kujua sauti inatokea wapi. Macho yake yalikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu.

"Mama," akasema yule mwandishi, polepole, "nani anabisha?"

Ngo, ngo, ngo.

Mguu wangu wa kulia, nawaapia, ulikuwa umeshaanza kukanyaga sakafu, unatafuta cherehani.